Wimbo wa Mama Mdogo Ulivyoonjwa Keko

Mjukuu wangu katunga wimbo. Kautunga chumbani kwake, mlango kaufunga, akaurusha kwenye simu, kisha akaja kukaa sebuleni anangoja watu waseme. Wakasema. Mmoja kaandika "kali". Mwingine "kali sana". Wa tatu hakuandika hata neno, kaweka vile vipicha vya moto tu. Nikamuuliza, ndiyo basi? Hakuna hata mmoja aliyekwambia kwamba pale katikati sauti inapotea kama mbuzi aliyekata kamba? Akaninunia. Mie nikarudi jikoni zangu, lakini siku nzima sikufanya la maana, mawazo yote yako Keko, uani kwa bibi yangu.

Na wewe usiifikirie Keko hii ya leo. Nasema Keko ya enzi za Mwingereza, minazi na mashamba ya mihogo, nyumba za udongo na makuti, mchanga wa njiani ukikuunguza nyayo adhuhuri mpaka unakimbilia kivuli cha ukuta wa mtu. Bibi alikuwa na ua mkubwa. Nyuma ya ua huo alikaa jirani yetu seremala, anapiga nyundo tangu watu wanakunywa chai ya asubuhi hadi magharibi, na harufu ya mbao zake ilikuwa inaingia hadi kwenye wali. Tulilalamika mpaka tukachoka. Tukizidisha kulalamika, naye anazidisha nyundo.

Bibi alikuwa kwini wa chama cha lelemama. Kwini ndiye mkubwa wa chama, neno lake halirudi. Lelemama ni ngoma ya wanawake: mnasimama safu moja, mmevaa kanga za sare, mnachezesha mikono taratibu kama mnaotandaza shuka, upatu wa shaba unalia kwa kugongwa, pembe za nyati zinagongwa kwa vijiti, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaitikia. Na nyimbo hatukuwa tunaazima kwa mtu. Walitunga wenyewe. Muuza vitumbua anatunga, msuka mikeka anatunga, mke wa kuli wa bandarini anatunga. Lakini hakuna wimbo uliotoka nje ya ua ule kabla haujaonjwa.

Hapo kwenye kuonja ndipo presha inaponipanda hadi leo.

Kuonja kulikuwa hivi. Baada ya sala ya alasiri wanawake wanakuja, wanatandika mikeka, sie watoto tunachagua mchele na kukoka makumbi ya kupashia ngozi za ngoma. Mwenye wimbo anasimama, anauimba wote. Akimaliza anakaa chini, anajifunika kanga kichwani, anafunga mdomo. Haruhusiwi kujibu. Wenzake ndio wanasema sasa, wanaanza wadogo, wanamalizia wakubwa, na bibi wa mwisho kabisa. "Mpishi hatetei mchuzi," ndiyo ilikuwa kauli yake. "Ukiwa na chumvi nyingi, kuapa hakutaipunguza." Na ukishaonjwa, wimbo si wako tena, ni wa chama.

Maneno mazuri hayo, sikatai. Lakini jamani, watu wale walikuwa wanaudhi! Wimbo unaingia mnono unatoka mifupa. Huyu anataka upande juu, huyu anataka ushuke. Huyu hapendi neno "njiwa", eti njiwa wamekwisha kuimbwa sana, weka kware. Na alikuwepo jirani wa nyumba ya mbele, mwanamke wa kukaanga mihogo, yeye hakuna kilichowahi kumtosheleza. Angeachiwa, angerekebisha hata adhana. Anaweka kipande cha muhogo mdomoni, anatafuna, anatikisa kichwa, halafu anasema, "Mzuri, ila..." Hiyo "ila" yake ilichukua muda mrefu kuliko wimbo wenyewe. Hata seremala hakukubali kupitwa. Wimbo ukimkolea, nyundo yake inafuata mdundo. Ukimchosha, anaacha kupiga kabisa, kimya, hapo mwenye wimbo anajua keshaangushwa na ng'ambo ya ua pia. Nani alimuuliza? Hakuna.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mle uani kila mtu alikuwa nahodha.

Sasa nikwambie habari ya mama mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake mama yangu, kitindamimba wa bibi, mtu mpole, kwenye chama alikuwa muitikiaji tu, hajawahi kutunga. Mwaka ule alijifungua mtoto wa kike. Mtoto hakukaa, homa ilimchukua hata hajaanza kucheka vizuri. Wakamzika asubuhi, na tangu mchana wa siku ile jina lake halikutajwa tena nyumbani. Watu walidhani wanamfanyia hisani. Ukianza tu kulitaja, unakanyagwa mguu chini ya mkeka. Bibi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alikusanya nguo za mtoto akazigawa, akarudi jikoni kukuna nazi kana kwamba hakuna lililotokea. Picha hatukuwa nayo, nani alikuwa na picha siku zile? Jina ndilo peke yake lililobaki, na hilo nalo likafungiwa mdomoni. Nilimsikia mama mdogo akimwambia mama yangu kisimani, "Dada, kama hakuna anayemtaja, mbona itakuwa kama sikuzaa?" Mama akamwambia asubiri, yatapoa. Yatapoa! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi siku moja kwenye kuonja, bibi akauliza nani ana wimbo, maana tumealikwa harusi Temeke, na chama cha Temeke ambao ni mahasimu wetu wa jadi watakuwepo. Mama mdogo akasimama. Watu wakageuka. Akaimba, sauti nyembamba, macho kayatupa chini:

Mwanahamisi mwanangu, kitanda chako kitupu,
Maziwa yananijaa, sina wa kumnyonyesha.

Mwanahamisi ndilo lilikuwa jina la mtoto. Mie nilikuwa na ungo wa mchele mapajani, nikaacha kuchagua. Sauti ya wimbo ule ilikuwa inapanda kidogo kwenye jina halafu inashuka taratibu, inashuka, mpaka inakaa. Nyundo ya seremala ilikuwa inafuata polepole. Mama mdogo akamaliza, akakaa, akajifunika kanga yake. Nikasema moyoni, leo watalia.

Walie wapi! Wakaanza kuonja.

Wa kwanza akasema sauti ni tamu sana, ingefaa harusini. Wa pili akasema kweli ingefaa, lakini maziwa? Watu wanakula pilau, wewe unawaimbia maziwa? Wa tatu akasema kitanda kitupu nacho kisirani, bibi harusi ndiyo kwanza anatandikiwa chake. Tia kiti. Yule wa mihogo akatafuna, akatikisa kichwa. "Mzuri, ila jina la marehemu haliimbwi kwenye shughuli ya watu. Ni nuksi." Akapendekeza "ewe mwandani wa moyo", iwe bibi harusi anamngoja mumewe. Wote wakaitikia hewaa, hapo sasa! Mwingine akaomba upatu uingie mapema, mdundo uchangamke. Kila mmoja alichosema kilikuwa na akili yake, hilo ndilo linalonichoma. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walikuwa wanamkata mtoto wa watu vipande huku wanapongezana, na mama yake kakaa katikati yao kajifunika, hana ruhusa ya kusema "jamani, huyo ni mwanangu".

Nikamtazama bibi. Nilijua yeye ndiye wa mwisho, na neno lake halirudi. Alikuwa amekunja uso, anauzungusha mkononi ule upatu anaoupiga yeye mwenyewe. Akasema, "Utaimbwa Temeke. Mtaubadili kama mlivyosema. Na wewe ndiye utakayeutoa." Basi. Mie nilitaka nimtupie ungo, Mungu anisamehe. Wimbo ukatoka hivi:

Ewe mwandani wa moyo, kiti chako ni kitupu,
Machozi yananijaa, sina wa kunifariji.

Wakaufanyia mazoezi mpaka seremala anaupiga kwa nyundo kutoka juu mpaka chini. Mama mdogo aliutoa kama walivyotaka, hakukosea hata neno, na kila akimaliza anaenda kukaa peke yake karibu na mtungi wa maji. Kutoa wimbo mbele ya mahasimu ilikuwa heshima kubwa, wengine walikaa kwenye chama miaka bila kuipata. Watu wakampa pongezi. Yeye anaitika ahsanteni, ahsanteni, na mie nasaga meno.

Kuna sharti moja la chama sijakwambia. Zamani waliwahi kuaibika, mtoaji alikosea, nusu ya safu ikaitikia alichokosea na nusu ikaitikia kilicho sahihi, mahasimu wakacheka hadi wakakaa chini. Tangu hapo bibi akaweka sheria: makosa yanasahihishwa uani. Tukiwa nje, kinachotolewa ndicho kinachorudishwa na safu nzima, hata kiwe kibovu namna gani. Ukifanya vingine, unavuliwa sare.

Siku ya harusi ilikuwa mchana wa jua kali, uwanja umefagiliwa, mavumbi yamemwagiwa maji, pilau inanukia, na wale wa Temeke wamekaa upande wao na midomo yao iliyobinuliwa. Wetu wakasimama safu, sie watoto pembeni, kanga zao mpya kutoka duka la Mhindi bado zina ugumu wa dukani. Upatu ukalia. Mama mdogo akautoa wimbo mara ya kwanza kama ulivyopangwa, mwandani, kiti, machozi, safu ikaitikia, watu wakashangilia. Akatoa mara ya pili, vigelegele. Mara ya tatu upatu ukalia na yeye hakutoa.

Mdundo wa upatu ukazunguka bure. Yule wa mihogo akaanza kugeuza shingo kumwangalia. Ndipo mama mdogo akainua uso, na kwa ile sauti yake nyembamba akatoa:

Mwanahamisi mwanangu, kitanda chako kitupu...

Safu nzima ilishtuka, niliona kanga zinatikisika. Mahasimu wako mbele, wanangoja tukosee. Bibi alikuwa mwisho wa safu na upatu wake. Hakumtazama mtu. Akaupiga, akapanua kinywa, akarudisha yeye wa kwanza, kwa nguvu, Mwanahamisi mwanangu! Na sheria ni sheria. Wote wakarudisha. Yule wa mihogo akarudisha, machozi yanamchuruzika na mdomo haukukosa mdundo. Mama mdogo akatoa tena, wakarudisha tena. Walioalikwa wakaupenda, hawajui Mwanahamisi ni nani, wakadaka na wao. Ikafika mahali hata mahasimu wa Temeke wanagonga makofi na kuitikia. Mtoto ambaye hata kutajwa jikoni alikatazwa, uwanja mzima unamwita. Mama mdogo alikuwa anaimba huku anacheka na kulia, sijapata kumwona vile tena.

Na hiyo nuksi? Yule bibi harusi alizaa watoto mpaka wakakosa pa kulala. Nuksi gani?

Kuonja kulikofuata, mie nilijua leo anavuliwa sare. Sheria ilikuwa wazi, wimbo ni wa chama, na yeye kaimba ule wake wa mwanzo bila ruhusa. Mama mdogo mwenyewe alijua, alikuja na kanga ya sare kaikunja kabisa. Akakaa, akajifunika. Wanawake wakaulizwa mmoja mmoja, kila mmoja akasema hana la kusema. Yule wa mihogo alipanua mdomo, akaufumba. Nilishangaa kuliko kama ningeona jogoo anataga.

Akabaki bibi. Akakohoa, akaweka upatu chini.

"Pale kwenye jina la mjukuu wangu," akasema, "umechelewa. Vuta pumzi mapema."

Akaagiza chai iletwe. Mama mdogo alibaki amejifunika muda mrefu, na ile kanga ilikuwa inatikisika, mama yangu akaenda kukaa karibu naye. Tangu siku ile wimbo ukaimbwa vile vile ulivyotungwa, na nyumbani tukawa tunamtaja Mwanahamisi kama tunavyomtaja mtu yeyote. Na mama mdogo akajifunza kuvuta pumzi mapema, maana bibi hakumwachia, kila akiimba anamkodolea macho pale pale.

Wote wamekwisha sasa. Ua ulibomolewa, pakajengwa ghala, na chama kilikufa polepole, wengine wakiingia kwenye mikutano ya siasa, wengine wakienda kwa Mola wao, bibi, mama, mama mdogo, mpaka yule wa mihogo na "ila" yake. Hata nyundo ya seremala siisikii. Zamani niliwachukia walivyokuwa wanaudhi. Bado naona walikuwa wanaudhi. Lakini siku hizi nikiwa jikoni nautoa ule wimbo, Mwanahamisi mwanangu, halafu nangoja, halafu inabidi niuitikie mwenyewe. Sauti yangu imekuwa mbovu, najua, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuniambia.