Majemadari wa Shamba la Mwekezaji

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hainishuki. Ni siku ambayo kaka yangu Prosper alipanda juu ya gogo hapa hapa Uru, akawatangazia vijana wa kijiji kwamba mapinduzi yanaanza kesho asubuhi.

Nakusimulia kwa sababu umenichosha. Juzi ulikuja na fulana ya mtumba uliyoinunua soko la Kwa Sadala, ina uso wa mtu mwenye ndevu na kofia. Nikakuuliza ni nani. Ukanijibu, "Bibi, huyu ni mwanamapinduzi, mkali tu." Mkali wa nini, hujui. Aliokwenda nao porini ni akina nani, hujui. Debe tupu haliachi kuvuma, na kizazi hiki kina madebe mengi. Basi kaa, acha kuchezea hiyo simu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wazee wengine walikuwa wameanza kung'oa mibuni kwa siri ili wapande nyanya. Vihamba vyetu, haya mashamba ya ukoo, unavijua. Mtoto wa kwanza anapata, wa mwisho anapata, wa katikati anabaki na shati lake. Prosper alikuwa wa katikati. Na kule chini, tukiwa tunabanana hivyo, kulikuwa na shamba kubwa lililokuwa la mzungu, likataifishwa, kisha likakodishwa kwa mwekezaji. Mwekezaji mwenyewe alizungusha waya, akaweka walinzi, akaliacha liote magugu. Sisi tulikuwa tunapita kando ya ule waya kila siku na hatuna pa kupanda hata maharage. Hasira ile haikuwa ya uongo, na sitaki mtu aniambie ilikuwa ya uongo.

Prosper alikuwa amemaliza kidato cha sita na kazi hakuna. Alichokuwa nacho ni vitabu vya wapiganaji wa nchi za watu: nani aliingia milimani, nani aliuteka mji mkuu. Rafiki yake Evarist naye alikuwa amevisoma vivyo hivyo. Wakiwa kilabuni wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, huyu akitaja jemadari mmoja, yule anataja mwingine, na vijana wamekodoa macho. Wakaamua kuivamia ile ardhi na kuigawana. Ila walitaka kwanza baraka za mtu aliyewahi kupigana kweli.

Mtu huyo alikuwepo. Mzee Kamau, mume wa shangazi yetu, alikuwa akiuza ndizi pale Himo. Ujanani mwake alipigana msituni kule Kenya, katika vita vya kudai ardhi kwa wakoloni, kisha akavuka mpaka, akaoa kwetu, akatulia. Mimi ndiye niliyetumwa kumfuata. Njia nzima hakuniuliza ila swali moja: hao vijana wana majembe mangapi.

Alipofika walimwamkia shikamoo kwa heshima zote, wakampa kata ya mbege, wakamwomba awasimulie habari za majemadari. Akawasimulia, ila si walivyotaka. Alisema mwanzoni msituni walikuwa kitu kimoja. Kisha waliosoma wakakataa kuamriwa na wasiosoma, na watu wa mlima huu wakawashuku wa mlima ule. Kila mwenye bunduki akajipa cheo. Uhuru ulipokuja, ardhi iligawanywa na watu ambao hawakunyeshewa hata usiku mmoja, na wajane wa wapiganaji mpaka leo wanakodi mahali pa kupanda kabichi.

Halafu akawageukia. "Nyinyi wawili, mkubwa ni nani?"

Prosper na Evarist wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akijitaja. Mzee akaiweka kata chini.

"Basi msiende," alisema. "Shamba hamjalikanyaga na tayari lina wafalme wawili."

Vijana wakacheka. Prosper akaninong'oneza kwamba uzee umemla moyo yule mzee, kisha ndipo akapanda juu ya lile gogo. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, huvunjika guu. Lakini mara nyingi guu linalovunjika ni la mwingine, na hilo ndilo linaloniudhi.

Asubuhi wakakata waya, wakaingia. Kati yao alikuwamo Deo, mtoto wa mama mmoja mjane, jirani yetu. Alikuwa ameoa mwaka ule na hakuwa na pa kujenga. Deo hakuwa msemaji. Yeye alishika jembe akaanza kulima. Viongozi wake kabla ya adhuhuri walikuwa wanagombana nani achukue sehemu ya karibu na mfereji, ile yenye maji. Evarist akasusa, akapanda mlima na watu wake. Waliobaki walikuwa wachache, na walinzi walikuwa wanawahesabu kwa mbali.

Wakaja na marungu. Prosper aliuruka mfereji, hakusimama mpaka Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti. Deo alikuwa ameinama na jembe lake. Hakuna aliyemwambia kwamba jemadari amekimbia. Walimvunja mkono wa kulia, ukaja kupona vibaya. Jioni hiyo Evarist alikuwa kilabuni akieleza kwamba yeye aliliona hilo mapema.

Kilichofuata hakikuwa na hotuba. Mama yangu, mama Deo na wanawake wengine tulianza kwenda ofisi ya kijiji, kisha wilayani. Tulifukuzwa, tukarudi, tukaambiwa bwana mkubwa hayupo, tukakaa kwenye nyasi tukamsubiri. Mwishowe mwekezaji alichoka kutuona, akatuachia ukanda wa chini tupande maharage. Haukuwa ule tulioutaka. Lakini tulikula.

Miaka ikapita. Krismasi moja Prosper akarudi nyumbani na gari, kama wanavyorudi watu wetu wote walio mbali. Mbuzi akachomwa, vijana wakamzunguka, naye akaanza kuwasimulia jinsi alivyoongoza mapambano ya ardhi. Mzee Kamau alikuwapo, ameshika fimbo yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hadithi nzuri," alisema. "Deo yuko wapi humo ndani?"

Prosper akageukia nyama, mzee akaendelea.

"Majina ya majemadari wa msituni nayajua yote, maana waliopona ndio waliosimulia. Walionipikia na kunificha, wengine nimeshawasahau hata sura, na hilo linaninyima usingizi. Wewe wa kwako anaishi hapo ng'ambo ya migomba, na umempita na gari. Kata isale uende."

Unalijua jani la isale. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, mila yetu haimruhusu kulikataa. Prosper alilikata pale mpakani mwa kihamba, nami nikafuatana naye. Mama Deo alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimelipokea," alisema. "Sasa ingia umsalimie. Mpe mkono wa kushoto, wa kulia haufumbiki."

Kaka yangu alilia mlangoni kama mtoto.

Sasa sikiliza, sitarudia. Sikukatazi kudai haki. Ardhi bado ni finyu na wajanja bado wapo. Lakini anayekuita umfuate, muulize atasimama wapi marungu yakija. Ukiitwa kuongoza, wajue kwanza mama za watu utakaokwenda nao, na uwe wa mwisho kuondoka. Na ukisoma habari za mashujaa, tafuta waliokuwa wameinama wakilima.

Nenda, mwanangu. Ruwa, Mungu aliyewalinda babu zako kwenye mlima huu akupe moyo usiokimbia na rafiki wasiokuacha, na mikono yako yote miwili izeeke nawe ikiwa mizima.