Makobazi ya Mzee Kombo

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwisho wa Ramadhani, mwanangu, nilipotaka kutenda wema nikamwacha mtu peku. Wacheka? Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Ila nikikuona umebeba maboksi ya viatu vipya, wewe na wenzio, mwataka kwenda kuwapa wanaolala vibarazani hapo mjini Chake, siwezi kunyamaza.

Nilikuwa rika lako. Bi Time, jirani yetu wa Tibirinzi, alitukusanya vijana tujitolee kuwapa viatu wasio na makaazi, nao wapate kitu kipya Sikukuu. Wote walipokea kwa furaha, ila Mzee Kombo. Nyumba yake ya udongo iliangushwa na masika, akawa analala kwenye baraza ya duka lililofungwa, karibu na soko. Makobazi yake yalishonwa na kushonwa tena hata hujui ngozi ipi na uzi upi. Nikampelekea mapya mbele za watu, na sauti juu. Akanishukuru, akanirudishia, akasema yuko mwenye shida kumshinda yeye.

Basi nikajifanya hodari. Hataki kupewa? Asijue kama kapewa! Ijumaa ile alipoingia msikitini, niliyachukua makobazi yake pale mlangoni nikaweka mapya pahala pale pale. Ya zamani nikayatupa jaani. Nikajibanza ng'ambo ya njia kungoja furaha yake.

Watu wakatoka. Mzee akatafuta, akatafuta, mapya yakabaki peke yake mlangoni. Ayavae? Thubutu! Alikaa kwenye ngazi akayalinda, ati kuna mtu kakosea kavaa yake, atarudi. Kila apitaye anaulizwa. Ikaadhiniwa alasiri mzee bado yupo, peku, na mimi aibu imenijaa.

Nikamkimbilia Bi Time. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanitazama kwa jicho lisilo mzaha.

"Baraza ile anaifagia kila alfajiri," akasema. "Pale ni kwake. Wewe ulipokwenda, ulipiga hodi?"

Nilirudi msikitini nikamweleza mzee yote, na ya jaani pia. Akatikisa kichwa.

"Kumbe mwenyewe ninayemngoja ndiye wewe," akasema. Akanikabidhi yale mapya, akashika njia, nyayo zake zilizopasuka zikikanyaga matope.

Asubuhi ya Sikukuu, baada ya sala, nilivaa kanzu nikenda kwake. Baraza haina mlango wala ukuta, lakini nilisimama chini nikapiga hodi. Nikapiga tena. Mzee akasogeza virago vyake, akakung'uta jamvi, ndipo akaitika, "Karibu, mwanangu." Tukapeana mkono wa Idi, tukaulizana hali, akanihadithia shamba lake la zamani kule Wawi. Makobazi niliyaweka kando ya jamvi, kama mgeni awekavyo alichokuja nacho. Safari hii hakuyarudisha. Akachomoa karatasi iliyofungwa ladu mbili, tamutamu za Sikukuu, moja akanipa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akavaa.

Yalimpwaya! Tulicheka, tukayajaza vipande vya gazeti mbele. Hata kipimo cha mguu wake sikuwahi kuuliza.

Sasa nenda, mwanangu, na usichelewe kwa maneno yangu. Lakini boksi lisimtangulie mtu. Amkia kwanza, piga hodi hata pasipo na mlango, keti ukiambiwa keti, uliza mguu. Ukipewa ladu, usikatae, uile. Kwani mkono wa kupokea tu huchoka kuliko wa kutoa.

Mola aibariki miguu yenu na ya hao mnaowaendea. Na siku ukiwa wewe ndiye mhitaji, kwani dunia mzunguko, akuletee mtu anayejua kupiga hodi.