Sindano kwenye Kisanduku cha Mama Mdogo

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yote niliyoipata kwenye masomo ya jioni, kwamba noti ikishaingia duka kubwa la pale barabarani Chanika, haiwezi tena kukaa kwa mtu mwingine. Utarudishiwa chenji pale, utakuja nayo mtaani, utanunulia dagaa. Lakini jua likizama ile noti inanyanyuka yenyewe kwenye droo ya muuza dagaa na kurudi kwao. Na hairudi peke yake, inaondoka na noti zote ilizokaa nazo.

Chuma ulete kila mtu Dar anaijua: mtu anakulipa, anakushukuru, anaondoka, na jioni unakuta pesa zako zimemfuata. Zamani ilikuwa ya mtu na mtu. Hii ya duka kubwa ilisemwa kuwa ya kiwanda, yenye kiyoyozi na risiti.

Aliyenieleza ni mangi wa kona. Huku kwetu kila mwenye duka anaitwa mangi, hata akiwa katokea Lindi, ila huyu alikuwa mangi kamili, mtu wa Kilimanjaro, na duka lake lilipendeza kuliko maduka yote kutoka Pugu mpaka mwisho wa dunia. Pakti za sabuni na madumu ya mafuta ya lita tano alivipanga kama askari wa gwaride. Duka kubwa lilipofunguliwa hakumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Nilimkuta anapakia mashelfu kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nashinda hapa kutwa, jioni droo nyeupe. Unafikiri zinakwenda wapi?"

"Wapi?"

Akaelekeza kidevu barabarani. Akanipa siri yote, pamoja na dawa yake: sindano isimamishwe kwenye kisanduku cha pesa, na noti ya mtu aliyetoka kule isipokelewe kwa mkono, iwekwe kwanza kwenye chumvi ya mawe. Kwa nini dawa hiyo haikumsaidia yeye mwenyewe, sikumuuliza. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia kwenda nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na duka la mama mdogo. Nilikuja kwake kutoka Mtwara ili nimalize kidato cha nne nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, na fremu yake moja ya bati ndiyo iliyonilisha, ikaninunulia madaftari, ikanivumilia nikiimba kanuni za hesabu kaunta nzima inasikia. Mchana niliuza, jioni nilisoma. Nilipofaulu, wateja walishangilia mpaka nikadhani nimechaguliwa mbunge.

Sasa siku duka kubwa lilipofunguliwa, nusu ya Pugu ilihamia Chanika. Muziki ulipigwa mpaka kuku wa Mwenge wakasitisha kutaga. Bango la BEI CHEE liliandikwa kwa herufi ambazo rubani angezisoma akiwa juu ya mawingu. Waliotoka ndani walitoka wakipiga chafya kwa ubaridi, wamebeba mifuko ya kitambaa ya rangi ya chungwa, na mifuko hiyo ikapita mbele ya fremu yetu wiki nzima bila kusimama. Sabuni zetu za pakti zikaanza kushika vumbi. Muuza mchele wa jirani akageuza banda lake kuwa la kuchajia simu.

Mama mdogo hakulia wala hakulaumu mtu. Alisema tu, huku anafuta shelfu, "Nitaangalia mpaka Idi. Mambo yakibaki hivi, fremu nampa yule msusi wa ng'ambo anayesukia chini ya mwavuli, mie narudi Mtwara kwenye mikorosho."

Kwangu ilikuwa kama kuambiwa Chanika nzima inavunjwa kupisha barabara. Duka lile halifungwi nikiwa hai, nikasema moyoni. Nikachomeka sindano kwenye kipande cha sabuni ili isimame, nikaitumbukiza kwenye kisanduku cha pesa. Halafu nikaweka sahani ya chumvi kaunta.

Mteja wa kwanza kukutana na sahani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja mwenye sauti ya kengele. Begani mfuko wa rangi ya chungwa umejaa unga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipe kiberiti na vitunguu viwili."

Akanyoosha noti. Nikamsogezea sahani.

"Weka hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye chumvi, mwalimu. Utaratibu mpya."

Akaitazama sahani, akanitazama mie. "Hela yangu imekuwa papa, unataka kuikausha?"

Vijana wa bodaboda waliokaa kwenye benchi letu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Na ndimu muwekee, braza!"

Sikutetereka. "Mwalimu, mfuko huo umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye mshahara wangu. Unga wa mwezi mzima nimeununua kule, bei nafuu. Sasa kwa kiberiti nipange foleni? Hebu pokea hela, jua linanichoma."

"Nani anachezea chumvi yangu?" Mama mdogo alitokea ndani, akaipokea ile noti kwa mkono mtupu, akaikunja, akampa mwalimu vitunguu vitatu badala ya viwili. Sahani ikarudi jikoni siku ileile. Lakini sindano hakuijua, au ndivyo nilivyodhani. Ilibaki kisandukuni, imesimama kama mlinzi wa benki.

Na ilifanya kazi! Ndani ya wiki chache benchi letu lilijaa. Zile pakti zenye vumbi mama mdogo aliziuza kwa hasara kidogo, akaziondoa zote. Mahali pake pakaja dumu kubwa la mafuta lenye kipimo, kiroba cha sukari cha kupima robo, miche ya sabuni iliyokatwa vipande. Wanaojenga zile nyumba mpya zinazoota kila kona ya Chanika wanalipwa kwa siku na wanapika kwa siku. Hakuna kibarua anayetaka kulala na dumu la lita tano. Wanakuja na vichupa vyao jua likipungua, foleni inafika kwa fundi cherehani, na kelele zake ungesema ni Kariakoo.

Huko Kariakoo, kwa akili yangu, ndiko mama mdogo alikokuwa akifuata mzigo. Asubuhi mojamoja aliondoka nimelala, akarudi na bajaji iliyojaa viroba. Kidole chake cha shahada kilikuwa na plasta kila mara. Nikajua ni kisu cha kukatia sabuni. Mie nilikuwa nawaeleza vijana wa benchi kwamba vita na duka kubwa tumeshinda kwa silaha moja tu, na silaha yenyewe haitajwi.

Ikafika siku ya mwisho ya mfungo. Nilifungua duka asubuhi, nikafungua kisanduku nimpe mtu chenji. Kitupu. Si noti, si sarafu. Sindano peke yake, imesimama.

Kesho Idi, na kisanduku kinaonyesha jibu lake. Nilikimbia barabarani na kisanduku mkononi, nikamwona msusi anafungua mwavuli wake upande wa pili, na naapa alikuwa anaipima fremu yetu kwa macho. Bajaji ikasimama. Mama mdogo akashuka, na juu ya viroba, Mungu wangu, mfuko wa rangi ya chungwa.

"Mama mdogo, tumekwisha! Pesa zimeondoka, zimerudi kwao!"

"Kwao wapi?"

"Duka kubwa! Yaliyompata mangi yametufika na sisi!"

Aliniangalia kidogo, kisha akanibebesha kiroba cha sukari begani.

"Pesa haziondoki zenyewe, baba. Nimezichukua mie, wewe umelala. Nimezipeleka duka kubwa, nimenunulia mafuta na sukari. Mzigo mkubwa kule una bei ndogo kuliko Kariakoo, na safari yenyewe ni pua na mdomo. Naleta, napima, nauza. Siku zote nabakiza ya chenji. Leo nimebeba yote kwa sababu ya Idi."

"Na mangi?"

"Mangi alikuwa anauza vilevile wanavyouza wao, kwa bei ya juu. Watu wakaenda kwenye bei ya chini. Basi."

"Kwa hiyo msusi..."

"Msusi atafute fremu kwingine. Na hiyo sindano itoe, inanichoma kidole kila nikitaka kwenda kununua mzigo."