Kaunta ya Bi Mwanaidi

Ipo siku moja ambayo kila ikinijia huwa nacheka peke yangu, hata nikiwa bado juu ya mswala nimemaliza kuvuta uradi. Ni siku niliyokwenda Kariakoo na mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, Mungu amrehemu, kuchagua jiwe la kuweka jikoni. Mwanangu, najua nawe unajenga, au umeshaezeka na sasa unazunguka madukani ukitazama granaiti zinavyong'aa. Basi kaa kidogo nikusimulie. Haraka haraka haina baraka, na jiwe likishakatwa halishonwi.

Wakati huo nilikuwa bibi harusi wa miezi michache katika nyumba ya wakwe zangu, Ilala. Jiko letu lilikuwa uani: majiko ya mkaa, mbuzi ya kukunia nazi, kigoda, na Bi Mwanaidi juu ya kigoda hicho tangu asubuhi. Mtaa mzima uliujua wali wake. Ramadhani ikiingia, sahani zilitoka nyumba ile kwenda kulia na kushoto kabla mwenyewe hajaonja tende. Lakini magoti yakaanza kumwangusha. Akikaa chini hainuki mpaka avutwe, na daktari akamkataza vigoda kabisa. Shemeji zangu, kwa huruma tu, wakasema mama apumzike, akae sebuleni, apikiwe. Yeye akawajibu, "Mimi sijachoka kupika, yamechoka magoti. Msinizike pamoja na magoti."

Mume wangu Shabani, aliyekuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, ndiye aliyeleta wazo la kujenga jiko la ndani, la kusimama, lenye kaunta ya granaiti. Mfungo ulikuwa unakaribia. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja, na kila mtu nyumbani alilijua hata kama hakulisema: jiko lile likimfaa mama, atapika na kufuturisha majirani kama desturi yake, lisipomfaa, atakuwa mgeni ndani ya nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe.

Mimi nilikuwa na jiwe langu moyoni. Jeusi, lenye vimetameta vya dhahabu kama nyota za mbingu. Nilikuwa nimeliona kwa shoga yangu mmoja aliyeolewa Upanga, na tangu siku ile nikisikia neno jiko naliona lile. Nilikuwa kijana, mwanangu, na kijana hupenda kwa macho. Si dhambi. Macho nayo ni neema, ila hayapiki.

Tukafika dukani, pembeni mwa Kariakoo kuelekea Gerezani, mahali ambapo mabamba ya mawe yameegemezwa ukutani kama vitabu vikubwa, na nyuma mashine ya kukatia inalia hadi meno yanakufa ganzi. Mwenye duka, kijana mchangamfu aliyeitwa Kibwana, akatupokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Karibuni. La jikoni au la ngazi?"

"Marahaba baba. La jikoni."

"Basi hili hapa ndilo habari ya mjini." Akapiga kofi lile lile jeusi la nyota nililoliota. "Linang'aa mpaka unajiona sura!"

"Sura yangu naijua tangu nikiwa mwali," akasema Bi Mwanaidi. "Na siku hizi siitafuti sana. Lete vipande vyako vya mfano, uvilaze hapa mezani."

Vikalazwa. Mama akashika pindo la kanga yake, akafungua fundo. Nikadhani anatoa hela. Akatoa mchele! Mchele mbichi, wa gunia, ambao haujachambuliwa, una chuya na vijiwe vyake vyote. Akaumimina kidogo juu ya kila kipande.

Kibwana akapiga ukelele. "Mama, unalisha kuku dukani kwangu?"

"Nalisha watu, baba, na sitaki wavunjike meno. Njoo uchambue."

Unajua sisi wa pwani mchele tunauchambulia kwenye ungo, ungo umepakatwa mapajani, mtu amekaa chini. Sasa mama hawezi tena kukaa chini. Alikuwa amewaza, kumbe, wakati sisi tunawaza nyota: kaunta ile ndiyo itakuwa ungo wake. Akaniambia nianze na lile jeusi. Nikainama. Vijiwe vikajificha katikati ya vile vimetameta, chuya zikageuka dhahabu, nikachambua, nikasema nimemaliza. Mama akapitisha kiganja mara moja tu, akaniokotea vijiwe na kunitilia mkononi.

"Kula basi," akasema. Kibwana akacheka mpaka akashika ukuta.

Tukahamia kipande cheupe chenye mishipa ya kijivu. Hapo mchele wenyewe ukapotea, tukawa tunaupapasa kama watu waliodondosha hereni. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuja kutafuta vigae vya bafuni, akaweka mkoba wake chini. "Hebu nami nijaribu." Mwingine naye akaja. Muda si muda duka la mawe likawa kama uani siku ya shughuli, wanawake wanachambua mchele, wanataniana, na Kibwana katikati yao ameinama anasema, "Nimekipata kimoja! Mama, nimekipata!"

"Mkeo ana bahati," wakamjibu. "Ila asikuachie mchele peke yako, mtavunjika meno."

Mwisho kabisa kulikuwa na kipande cha rangi ya manyoya ya njiwa, chembe zake ndogo ndogo, sawasawa, bila nyota wala mishipa. Juu yake mchele ulionekana mweupe, chuya ikaonekana, kijiwe cheusi kikaonekana. Kila kitu kilikiri kilivyo.

"Hili," akasema mama.

"Hilo hata wateja hawaliulizi," Kibwana akanong'ona, nami moyoni nikamuunga mkono. Uso wangu ulinisaliti, maana mama aliniangalia, akaniambia kwa upole maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jiwe linaloficha uchafu unalipendea nini? Nguo yako ya kuswalia ungeichagua kwa sababu inaficha madoa?"

Nimesoma chuo cha Kurani tangu mdogo, nilijua milango yote ya tohara, na la jiwe nikafundishwa dukani.

Lakini hakumaliza. Alikamua ndimu juu ya vipande vyote, na pembeni ya kila kimoja akadondosha mafuta ya nazi kutoka kichupa kidogo, akamwambia Kibwana, "Usivifute. Tunakwenda kuswali, tutarudi." Tukaswali adhuhuri, tukala muhogo wa nazi kwa taratibu zote, tukarudi. Mama akafuta kwa kitambaa cheupe. Cheupe chenye mishipa kilikuwa kimefubaa pale ilipokaa ndimu, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kumbe hakikuwa granaiti bali marumaru, na marumaru haipatani na ndimu wala ukwaju. Kipande kingine kilikuwa kimekunywa mafuta, doa limezama. La rangi ya njiwa halikubadilika. Kibwana mwenyewe akakubali kwa kichwa, akasema kuanzia siku ile atanunua ndimu.

Kulisafirisha ilikuwa sherehe nyingine. Wachukuzi walilipakia kwenye mkokoteni likiwa limesimama kwa ubavu, limefungwa kwenye mbao, maana bamba la jiwe ukililaza safarini hukatika kwa uzito wake lenyewe. Mama alikuwa kwenye bajaji nyuma yao, kichwa nje, anapiga kelele njia nzima: "Msililaze! Wanangu, msililaze!" Na wao mbele wanasukuma, jasho linawatoka, wanaimba, "Pisha! Pisha! Mawe hayana breki!" Kariakoo yote ikatupisha.

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo nusura tuharibu.

Fundi Mbaraka, aliyekuja kulifunga, alikuwa amejenga vikuta vya kulibeba jiwe kwa urefu wake wa siku zote. Mimi nilisimama pale, mikono yangu ikatua vizuri kabisa. Ilikuwa kama nimepimwa mimi. Bamba lilikuwa refu, zima, kutoka mlangoni hadi dirishani, na likishapanguswa vumbi lilikuwa na uzuri wake wa kimya ambao nilikuwa nimeanza kuupenda. Tukamwita mama aone kabla halijawekwa. Alikuwa mfupi, Mungu amrehemu, na kwa yale magoti alizidi kuinama. Akaweka viwiko juu ya kikuta. Vikafika karibu na mabega.

"Hapa nikikuna nazi nitakuwa kama naomba mvua," akasema, tukacheka sote. Kisha akauliza, "Na kiti je? Nikikaa?"

"Mama, ukikaa kidevu kitagonga jiwe," akasema fundi. "Ila hiki ndicho kipimo cha nyumba zote."

"Basi sawa. Limekaa vizuri. Mke wa mwanangu atapika, mimi nitakaa sebuleni niitwe kuonja chumvi." Akaondoka taratibu, kanga begani, wala hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na pale nikaona kwamba tunamfukuza mama jikoni kwake kwa kipimo, tena kwa zawadi tuliyomnunulia.

Nikamuuliza fundi kama jiwe linaweza kukatwa mara mbili, upande mmoja ubaki juu na mwingine ushuke, chini yake pabaki wazi mtu apitishe magoti.

"Linakatika," akasema, "lakini shemeji, bamba zima namna hii? Uzuri wa jiwe ni uzima wake. Nikishatia mashine hakuna kurudi."

Shabani akanitazama. "Umefikiri? Wewe ndiye uliyekuwa unataka refu."

Ni kweli, nilitaka. Bado nilikuwa nataka, nakwambia bila kuficha. Chuoni tulifundishwa kwamba ipo mioyo migumu kuliko mawe, na siku ile nililielewa somo lile nikiwa nimeshika jiwe lenyewe.

"Nimefikiri," nikasema. "Tulinunua jiwe kwa ajili ya mama. Hatutamkata mama kwa ajili ya jiwe. Fundi, kata."

Mashine ilipoanza kulia, Bi Mwanaidi akatoka sebuleni mbio, mbio za magoti yale, "Nini? Limepasuka?" Shabani akamkalisha kwenye kiti katikati ya vumbi, na Fundi Mbaraka akapiga goti na utepe wake, akampima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akashusha kipimo kwa upana wa kiganja kimoja, akatia alama ukutani.

Mama akatutazama mmoja mmoja. Akaelewa. "Nilipimwa nguo ya harusi," akasema, "nikajua nitakuja kupimwa sanda. Jiwe la jikoni sikulitegemea." Kisha akapiga kigelegele kirefu, yeye mwenyewe, jirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.

Ramadhani ile sahani zilitoka kama kawaida, bali zilizidi. Yeye amekaa kitini upande wa chini, mimi nimesimama upande wa juu, nazi inapita kutoka mkono wake kuja wangu, na katikati yetu mazungumzo. Kila nilichokijua cha dini nilikisoma kwa walimu wangu; subira niliisoma pale.

Na namna ya kulitunza alinifundisha yeye kwa vitendo. Ndimu au ukwaju ukimwagika, futa hapo hapo, usingoje wali uive. Manjano na mafuta vivyo hivyo. Osha kwa maji na sabuni laini na kitambaa, ukaushe. Usilisugue kwa majivu, mchanga wala chuma, na dawa kali za chooni zibaki chooni. Chungu cha moto kiweke juu ya kata ya kitambaa kilichoviringwa. Jiwe lina nguvu, lakini hata mwenye nguvu hushtuka. Katia kitunguu kwenye kibao, la sivyo kisu chako kitakufa kabla ya jiwe kupata mkwaruzo. Kinu kitwangie sakafuni. Na usipande juu yake kufikia kabati, hasa pale lilipotobolewa kuweka sinki, maana ndipo lilipo jembamba. Mara moja moja alidondosha tone la maji, akalitazama. Likikaa juu kama shanga, alisema Alhamdulillah. Likizama na kuacha kivuli, alisema, "Lina kiu hili, mwiteni fundi alipake dawa yake ya kuzuia maji." Ndivyo ilivyo. Jiwe hunywa polepole, na ukilisahau litakunywa na madoa yako.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usilichague jiwe kwa jinsi linavyokutazama dukani, lichague kwa kazi litakayofanya na chakula chenu mnachokula. Nenda na mchele wako, ndimu yako na mafuta yako, na muuzaji akikucheka, cheka naye, lakini ngoja majibu. Usikubali kipimo cha nyumba zote. Mkalishe yule atakayelitumia, umpime kiwiko chake. Na ikiwa kuna mtu mmoja nyumbani ambaye kitu kizuri kitamweka nje, basi kitu hicho bado hakijawa kizuri. Kikate upya ungali na nafasi, wala usisikitikie urefu wake.

Mola akujaalie jiko lisilozimika na mikono ya kulihudumia. Akupe wakwe wenye mzaha na wewe masikio ya kuwasikia. Sahani zitokazo kwako zirudi na dua, na kila atakayeegemea jiwe lako aondoke ameshiba. Amina, mwanangu, amina.