Macho Yaliyoteleza Juu ya Barua

Chekeni mkitaka, lakini mimi, karani wa Bwana Shauri, Mzungu anayetutawala, nimeaibika. Nina tabia ya kuyatazama macho ya watu wanaposoma. Bwana Shauri akisoma Kiingereza, macho yake huanzia kushoto. Mwalimu wa chuo cha Kurani akisoma hati za Kiarabu, yake huanzia kulia. Nikadhani siri yote ni hiyo.

Juzi Bi Mwanaidi wa Mkongo, ambaye nimemposa binti yake, alikuja Kibiti akanipa barua ya hati za Kiarabu. "Nisomee, mwanangu, nisikie."

Hati zile sijui hata moja, ila nilishajitapa kwake kwamba hakuna nisichoweza kusoma. Nikayapeleka macho kutoka kulia, mstari baada ya mstari, huku nikitunga: "Ndugu zako wanakusalimu. Mpunga umestawi."

Yeye alikuwa akinitazama usoni. "Mwanangu, asomaye macho yake hurukaruka, hukwama, hurudi nyuma. Yako yanateleza tu, kama unatazama mtumbwi ukipita."

"Ni mwandiko mzuri, mama. Haunikwamishi."

"Mwandiko ni wangu. Namwuliza kaka yangu kama karani anayemposa binti yetu ni mkweli. Nirudishie, jibu nimeshalipata."