Mzee Aliyeambiwa Ana Mafuta

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati moja nje kidogo ya Muleba. Siku moja akaja mkubwa kutoka wilayani, ndiyo kwanza amerudi masomoni Ulaya, mkononi ana futi ya fundi cherehani na karatasi iliyojaa tarakimu. Akatueleza kwamba ukipima shingo, kiuno na urefu wa mtu, unajua mwili wake una mafuta kiasi gani, na hapo unamjua anayekula jasho la wenzake. Upuuzi nilikuwa nimeusikia mwingi, lakini haukuwahi kuja umepigwa pasi vile.

Mimi nilipewa daftari niandike.

Msimamizi wa duka la kijiji, ambaye sukari yetu ilikuwa inapotelea kwake, alikuwa mwembamba kama ufito. Akasifiwa mbele ya watu. Akafuata mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa kahawa, mjane, tumbo limemtangulia. Futi ilimzunguka kwa shida.

“Unakula nini, mzee?”

“Ndizi na maharage, waitu,” akajibu kwa heshima ya Kihaya. “Siku hizi hata sahani siimalizi.”

Mkubwa akapiga hesabu zake. “Asilimia thelathini na nane. Hawa ndio kupe tunaowasema.”

Watu wakacheka. Mzee akatazama chini, nami, Mungu anisamehe, nikaandika thelathini na nane kwa mwandiko mzuri.

Alipokuwa anavaa shati ndipo nilipoiona miguu yake. Nilichuchumaa nikabonyeza juu ya kifundo. Kidole kilipotoka, shimo likabaki.

“Mkubwa, haya si mafuta,” nikasema. “Ni maji. Mzee anaumwa.”

“Hesabu umesomea wapi?”

“Sijazisomea. Bonyeza mwenyewe uone.”

Hakubonyeza. Alikunja futi yake, akaita mwingine.

Kesho yake nilipanda basi na yule mzee mpaka hospitali ya Bukoba. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama kweli yeye ni mnyonyaji. Daktari alisema ini limeharibika, akamtoa maji ndoo nzima. Alilazwa wiki kadhaa, akarudi kijijini suruali ameifunga kwa kamba ya mgomba.

Mkubwa naye akarudi baada ya miezi michache, kukagua. Akampima mzee tena, akaona kiuno kimepungua sana, uso ukamng'aa. Akawatangazia wanakijiji kwamba huyu ni mfano wa mtu aliyesikia somo. Nilimweleza habari za hospitali, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na kwenye ripoti akaandika alichotaka. Nasikia ilimpandisha cheo.

“Amesema nini?” mzee aliniuliza, maana Kiswahili cha wakubwa kilimpita.

Nikamwambia kwa Kihaya kwamba amepongezwa kwa kuacha kula.

Mzee akaniomba nimpikie uji. Aliishi miaka miwili zaidi.