Mlango Usiozoea Baridi

Fundi wetu wa ubalozi ana viganja vipana kama sahani, na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Jengo lenyewe ni la mawe, zamani nyumba ya tajiri fulani wa huku ugenini. Cha kwetu humu ni mlango mkubwa wa mbele tu, ulioletwa kwa meli jengo liliponunuliwa. Mvua za baridi zikianza, mlango huvimba na kukwama. Fundi huupapasa kama mgonjwa, huuambia, "Pole, mzee, hata mimi magoti yananisumbua," kisha huupiga randa taratibu mpaka mapokezi, ninapokaa mimi, panukie mbao za nyumbani.

Jana alikuja dada mmoja kuomba hati ya kusafiria. Mama yake anazikwa leo, na hati isingetoka mapema hivyo. Akakaa kwenye benchi bila kulia. Fundi alimtazama kidogo, akachukua randa, akaipitisha ukingoni mwa mlango, akamtilia maranda ya mbao kiganjani. "Nusa, mwanangu." Dada akanusa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mlango huo naufungua mimi kila asubuhi. Jana haukuwa umekwama.